El Fasher Ilizingirwa Siku 500, na Mkataba Ukasainiwa Hapa Tao

Najua vile huwa. Vidio ya Sudan ikitokea kwa simu unapitisha kidole, unaenda kwa ile ya mbogi ikicheza Arbantone. Jina la El Fasher limetokea sana tangu Oktoba 26, 2025, na wengi wetu tumelipitisha hivyo hivyo, juu inakaa ni majenerali wawili wakipigania kiti huko jangwani. Leo usipitishe. Nipe dakika kumi tu. Hii stori iko na kambi ya jeshi, iko na militia, iko na mji mzima uliofungiwa katikati, na iko na ukumbi mmoja hapa tao wenye mimi na wewe tunaujua vizuri.

Kwanza tujue nani ni nani, ndio tusipotezane mbele.

Upande mmoja kuna jeshi la Sudan, lenye linaongozwa na Abdel Fattah al-Burhan. Upande wa pili kuna RSF, kikosi cha Mohamed Hamdan Dagalo, yule wanamwita Hemedti. Hemedti alikuwa mfanyabiashara wa ngamia. Mwaka wa 2003, waasi wa Darfur walivamia uwanja wa ndege wa El Fasher, wakachoma ndege za serikali zikiwa zimepaki. Omar al-Bashir, rais wa wakati huo, akaona jeshi lake haliwezi hiyo kazi. Akachukua wasee wa ngamia na farasi, akawapa bunduki, akawaachilia kwa vijiji. Hao ndio Janjaweed. Vijiji vilichomwa, watu wakauawa kwa maelfu na maelfu, wengine wakaishia kwa kambi za wakimbizi na hawajawahi kurudi. Mwaka wa 2013 Bashir akawavalisha sare na kuwapa jina jipya, RSF. Jina likabadilika, kazi ikabaki ile ile.

Na hapa niseme kitu kidogo halafu tusonge. Serikali ikikodisha genge lifanye ile kazi polisi na jeshi wanaona aibu kufanya, hilo genge halirudi nyumbani siku kazi ikiisha. Linajenga. Linapata biashara yake, na hii ya Hemedti ilipata dhahabu. Wale wasee wa mijeledi na marungu tuliona hapa tao Juni 17, 2025, wakiwa kwa bodaboda, wakichapa vijana na karao wakiangalia, mimi sikucheka. Nilifikiria Darfur.

Tuendelee. 2019 Bashir akaangushwa. 2021 Burhan na Hemedti wakapindua serikali wakiwa pamoja, kama mabeste. Halafu ikafika hesabu ya kuunganisha RSF na jeshi. Jeshi likadai miaka 2 inatosha, RSF ikadai inataka miaka 10. Unajua mtu akikwambia atakulipa deni baada ya miaka 10 anamaanisha nini. Aprili 15, 2023, risasi zikaanza Khartoum.

Mji wa mwisho

Darfur iko na majimbo 5 na kila jimbo liko na mji wake mkuu. Kufika mwisho wa Novemba 2023 RSF ilikuwa imemeza miji 4 kati ya 5: Nyala, Zalingei, El Geneina na Ed Daein. Ule wa tano ulikuwa El Fasher, Darfur Kaskazini. Ndani yake kulikuwa na kambi ya Divisheni ya 6 ya jeshi la nchi kavu. Hiyo ndiyo kambi tunaongelea.

Na jeshi halikuwa peke yake. Wale waasi wa zamani, watu wa Minni Minnawi na wa Gibril Ibrahim, walikuwa wamejaribu kukaa kando miezi kadhaa. Novemba 2023 wakatangaza wako na jeshi. Cheki vile maisha huzunguka: vikundi vilivyovamia uwanja wa ndege wa El Fasher 2003 ndivyo sasa vilikuwa vinalinda kambi ya El Fasher, bega kwa bega na lile jeshi lililowatuma Janjaweed kuwamaliza. Kwa vita hii ya Sudan hakuna mtu ako na mikono safi, na ukisoma mtu anakwambia jeshi ni malaika, huyo pia mpitishe.

Mei 2024 mji ukawa umefungwa. Juni 13, 2024, Baraza la Usalama la UN likapitisha azimio namba 2736, likaamuru RSF iache kuzingira El Fasher. Nchi 14 zikapiga kura ya ndio, Urusi ikajizuia. Siku iliyofuata mapigano yakaendelea kama kawa, na kamanda mmoja mkubwa wa RSF, Ali Yaqoub, akauawa hapo hapo El Fasher. Azimio likabaki karatasi. Karatasi hiyo ilikaa miezi 16 kabla mji kuanguka.

Wengi hufikiria kuzingira ni jeshi kusimama nje na kurusha mizinga mpaka ukuta uvunjike, kama kwa filamu. Mizinga ilikuwa, na droni pia. Lakini silaha yenyewe kabisa ilikuwa njaa. Wewe wa Gatwekera hii unaielewa haraka kuliko profesa. Siku mfereji ukikauka, mtungi wa kobole unaruka hadi mbao kabla ya saa sita, na mwenye ako na tangi anakuwa mfalme wa ploti. Hiyo ni siku moja, tena bado unaweza kutoka ukaenda kutafuta maji Olympic. Sasa toa Olympic. Toa barabara. Toa hata njia ya reli. Halafu weka msee wa bunduki kila mahali ungepitia, na umwambie akae hapo mwaka mmoja na nusu.

Agosti 2025, WFP ilisema mtama na ngano El Fasher zilikuwa zinauzwa hadi asilimia 460 juu ya bei ya sehemu zingine za Sudan. Tupige hesabu kwa pesa yetu: unga pakiti ya 150 inakuwa 840. Na hiyo ni kama ipo. Penye haikuwepo, watu walikula ambaz. Ambaz ni masalio ya karanga zikishakamuliwa mafuta, kitu wanapea ng'ombe na mbuzi. Familia zilikuwa zinapanga foleni kwa jikoni za mtaa, zile zinaendeshwa na vijana wa kujitolea, wapewe bakuli la chakula cha mifugo. Mwisho hata hiyo ikaanza kuisha.

Halafu wakaanza kuchimba. RSF ilileta mashine za kuchimba, ikajenga tuta la udongo kuzunguka mji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walikuwa wanaliangalia kwa picha za satelaiti likikua wiki baada ya wiki. Kufika mwisho wa Agosti 2025 lilikuwa limepita kilomita 31. Kutoka hapa tao, hiyo inakufikisha karibu Juja. Tuta la udongo halizuii jeshi lenye vifaru. Linazuia mama aliyebeba mtoto usiku. Linazuia msee wa punda mwenye amejaribu kuingiza gunia la unga na dawa. Ukiona tuta la aina hiyo linajengwa, jua mwenye analijenga hapigani tena na kambi pekee. Anahesabu kila mtu aliye ndani.

Na ndani walikuwa wengi. UN ilikadiria raia kama 260,000 walikuwa bado wamekwama mjini kabla ya mwisho. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kambi ya wakimbizi ya Zamzam, watu wengi wake wakiwa ni wale wale waliokimbia Janjaweed 2003. Agosti 2024 njaa ilitangazwa rasmi Zamzam. Aprili 2025 RSF ikaingia hiyo kambi na kuichukua, mamia wakauawa, wakiwemo wahudumu 9 wa kliniki ya Relief International, na mamia ya maelfu wakatoroka kwa miguu. Juni 2, 2025, malori 15 ya UN yakiwa yamesubiri Al Koma ruhusa ya kuingia El Fasher na chakula, yalishambuliwa, watu 5 wakafa. Septemba 19, droni ikapiga msikiti wakati wa swala ya alfajiri, zaidi ya watu 70 wakaenda.

Niseme na hii pia ndio usiseme nimependelea: Machi 2025 ndege za jeshi zilipiga soko la Tora, kaskazini mwa El Fasher, siku ya soko, watu wengi sana wakafa. Na ni serikali ya Burhan ilifunga mpaka wa Adre, njia ya msaada kutoka Chad, kuanzia Februari 2024 hadi Agosti. Raia wa Darfur wamebanwa na pande zote mbili. Lakini tuta la kuzunguka El Fasher lilichimbwa na upande mmoja.

Nani alikuwa analisha wenye walizingira?

Hapa ndio nataka tukae.

Kila ripoti ilikuwa inauliza kambi itashikilia mpaka lini, wanajeshi wako na risasi ngapi, ndege za jeshi zitadondosha mizigo tena lini. Hayo ni maswali poa. Lakini kuna moja lilikuwa linarukwa. Mtu wa ndani anakula anachopata, anangoja. Mwenye ako nje ndiye anahitaji zaidi. Maelfu ya wapiganaji wanakaa kwa jua miezi 18, na kila siku wanataka chakula, mafuta ya magari, risasi, droni, dawa, mshahara. Darfur haitengenezi droni. Haitengenezi mafuta ya petroli. Kwa hivyo kila siku mji ulizingirwa, kuna lori au ndege ilikuwa imetoka mahali pengine ndio hiyo siku iwezekane.

Mahali gani? Wataalamu wa UN na wabunge wa Marekani wamenyoshea kidole Falme za Kiarabu, hao wa Dubai na Abu Dhabi, kwenye dhahabu nyingi ya Sudan huishia. Wao wanakana kila mara. Mei 2025 Amnesty International ilionyesha silaha za Kichina zikitumika Sudan na RSF, ikasema karibu hakika zilipitia Falme za Kiarabu. Mizigo imetajwa ikipitia Chad, na kusini mwa Libya. Juni 2025 RSF ilichukua ile kona penye Sudan, Libya na Misri zinakutana, na hapo njia ikawa fupi zaidi. Kukawa hata na Wakolombia, wanajeshi wastaafu wa huko Amerika Kusini, wamekodishwa kuja kupigana Darfur. Si uvumi wa mtaani: rais wao, Gustavo Petro, ameongea juu yake, na Desemba 9, 2025, Marekani iliwekea vikwazo watu na kampuni za huo mtandao.

Bunduki na mafuta tumezitaja. Lakini militia inayozingira mji inahitaji mzigo mwingine, wenye hauingii kwa lori. Inahitaji kuonekana ni serikali. Juu ukionekana ni genge, hata mwenye anakuuzia silaha anaona haya, benki zinakuogopa, viwanja vya ndege vinakufungia. Ukionekana ni serikali, mlango unafunguka.

Huo mzigo ulipitia Nairobi.

Januari 2024 Hemedti alitua hapa akakutana na Rais Ruto, na zulia likatandikwa. Februari 18, 2025, RSF na washirika wake wakajaa KICC. Hemedti mwenyewe hakuwepo, lakini ndugu yake Abdelrahim Dagalo, naibu wake kwa RSF, alikuwepo. Abdelaziz al-Hilu, mkubwa wa SPLM-N, alikuwepo pia, shika hilo jina. Mpango ulikuwa kusaini mkataba wa kuunda serikali yao ya kando. Ikaahirishwa siku kadhaa, halafu usiku wa Jumamosi, Februari 22, wakasaini hapa hapa Nairobi, milango ikiwa imefungwa. Wizara yetu ya mambo ya nje ikasema Kenya ilikuwa inawapa tu jukwaa la kuongea amani.

Sasa weka kalenda mbili kando kwa kando. Jumamosi usiku, Nairobi, saini. Jumatatu, Februari 24, madaktari wa MSF wakatangaza wanasimamisha kazi Zamzam juu mapigano yamefika mlangoni. Wiki hiyo hiyo WFP nayo ikasimamisha kugawa chakula hapo. Zamzam ni mwendo mfupi tu kutoka ile kambi ya Divisheni ya 6. Wenye walikuwa wanapiga huko ndio watu wao walikuwa wanalala kwa hoteli za Nairobi na kunywa chai yetu.

Na hiyo chai ikalipa. Sudan ilimwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku chai ya Kenya. Sudan ilikuwa kati ya wateja wetu wakubwa wa majani chai. Mkulima wa Kericho hajui Hemedti ni nani, lakini gunia lake lilibaki bandarini kwa sababu ya mkutano hakuitwa.

Halafu kukawa na lile jambo la risasi. Nation na Bellingcat waliripoti masanduku ya risasi yenye lebo za wizara yetu ya ulinzi, yaliyopatikana kwa stoo ya Khartoum yenye jeshi lilisema ni ya RSF. Wizara ikakana, ikasema haitambui hiyo mizigo. Lebo si ushahidi kwamba waziri alijua, hiyo nawapa. Lakini kama lebo ya jina langu ingepatikana kwa stoo ya genge, mimi singetoa taarifa moja halafu ninyamaze. Ningetaka kujua nani aliiweka.

Msiseme pia kwamba kuongea na militia ni makosa kila wakati. Amani huongelewa na wenye bunduki, si na kwaya. Kenya ilileta Wasudan Kusini mezani, na mkataba wa 2005 wa kumaliza ile vita ndefu ulisainiwa hapa Nairobi. Hiyo ilikuwa kazi ya maana. Tofauti ni kwamba 2005 pande zote mbili zilikuwa kwa meza. KICC Februari 2025 kulikuwa na upande mmoja, haukuja kuongea kuacha vita, na hakuna aliyeambiwa kabla aingie ukumbini, "Toeni kwanza wasee wenu kwa barabara ya El Fasher, acheni malori ya unga yaingie, halafu tuwape kipaza sauti." Tulikuwa na kitu walichokihitaji. Tukakitoa bure.

Kibera yenyewe ilitoka Sudan

Kuna mwenye atasema, Gatwe na Darfur wapi na wapi. Sawa, twende nyuma.

1884, jeshi la Mahdi, ambalo kwa macho ya Waingereza na Wamisri lilikuwa militia tu, lilizingira Khartoum. Ndani kulikuwa na Jenerali Gordon na wanajeshi wake. Ilichukua miezi 10. Khartoum ikaanguka Januari 26, 1885, Gordon akauawa. Lakini kusini kabisa, huko Equatoria, kulikuwa na wanajeshi wengine wa serikali hiyo hiyo, Wasudan, chini ya Emin Pasha. Mahdi alipochukua Khartoum, hao wakakatwa kabisa. Hakuna mshahara, hakuna barua, hakuna njia ya kurudi. Emin aliondoka 1889, wengi wa wanajeshi wakabaki na Selim Bey. 1891 Mwingereza Lugard akawapata karibu na Ziwa Albert, akawachukua awatumie Uganda. Kutoka hapo wengine wakaingia kwa jeshi la King's African Rifles, na walipostaafu hawakurudishwa kwao. Wakapewa msitu nje ya Nairobi. Kwa Kinubi, msitu ni kibra. 1918 serikali ya mkoloni ikatangaza rasmi hiyo ardhi, zaidi ya ekari 4,000, kuwa eneo la wanajeshi.

Hiyo Kibra ndio Kibera. Gatwekera, Makina, Laini Saba penye walikuwa wanafanyia mazoezi ya kulenga shabaha, yote imekaa juu ya ardhi ya wanajeshi waliokwama juu mji ulizingirwa Sudan miaka 140 iliyopita. Na Wanubi wenyewe walingoja mpaka 2017 kupewa hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, kati ya zile zaidi ya 4,000. Mji ukizingirwa, wenye wanatoka wakiwa hai hubeba hiyo siku kwa vizazi. Ukitaka kujua watoto wa El Fasher wataishi wapi 2100, angalia sisi tunaishi wapi.

Siku kambi ilitoka

Jumapili, Oktoba 26, 2025, RSF ikaingia makao ya Divisheni ya 6. Wakajirekodi wakishangilia langoni. Kesho yake Burhan akatokea kwa televisheni, akathibitisha jeshi limeondoka El Fasher, akasema viongozi wa mji ndio waliamua, juu ya vile raia walikuwa wanauawa.

Sitamlaumu private aliyekula ambaz mwaka mzima kwa kutoroka usiku. Lakini Burhan namuuliza. Januari 2025 jeshi lake lilivunja mzingiro wa makao yake makuu Khartoum, penye majenerali walikuwa wamefungiwa karibu miezi 21. Februari likafungua njia ya El Obeid. Machi likachukua ikulu. Kwa hivyo kuvunja mzingiro walikuwa wanajua. El Fasher iko kama kilomita 800 kutoka Khartoum, karibu mara mbili ya safari ya Mombasa, na njia yote ilikuwa na RSF. Ilikuwa ngumu kweli. Pia ilikuwa ya mwisho kwa foleni, nyuma ya ikulu. Kisha siku ya kutoka, kambi ilipotoka, hakukuwa na mpango wowote wa watu 260,000. Zamani mji ukisalimu amri, mtu hutoka na kitambaa cheupe, masharti yanaongelewa, raia wanapewa njia. Hapa wanajeshi walitoka, tuta la udongo likabaki.

Yaliyofuata mengine umeyaona, na yalirekodiwa na wenye walikuwa wanayafanya. Sitayaelezea moja moja. WHO ilisema zaidi ya wagonjwa na jamaa zao 460 waliuawa kwa hospitali ya uzazi ya Saudi, hospitali ya mwisho iliyokuwa bado inafanya kazi hata kidogo. RSF ikakana hiyo. Watafiti wa Yale wakaonyesha picha za satelaiti zenye vitu vya ukubwa wa miili ya watu, na udongo uliobadilika rangi ukawa mwekundu. Mpiganaji mmoja anayeitwa Abu Lulu alikuwa anajionyesha kwa vidio akiua watu wasio na silaha, mpaka RSF yenyewe ikaona aibu, ikatoa picha ikisema imemkamata. Mmoja.

Mji wa karibu wenye usalama kidogo ni Tawila, kama kilomita 60, mwendo wa kutoka tao hadi Machakos, kwa miguu, umebeba mtoto, kuna vizuizi njiani penye wanaume wanatolewa kando. Siku za kwanza MSF walihesabu watu kama 5,000 tu waliofika. Toa 5,000 kwa 260,000. Wengine walifika baadaye, wengine wakaenda upande mwingine, lakini wiki hiyo kila daktari Tawila alikuwa anauliza swali moja: wengine wako wapi?

Na cheki hii. Oktoba 6, 2025, siku 20 kabla mji kuanguka, mahakama ya ICC huko The Hague ilimpata Ali Kushayb, mkubwa wa Janjaweed, na hatia ya makosa 27 aliyofanya Darfur 2003 na 2004. Miaka 21 ilipita. Wapiganaji wengi walioingia El Fasher hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wanaanza kutembea wakati Kushayb anafanya yake.

Kufika Desemba 2025, mambo yalikuwa yamehamia Kordofan. Babanusa, penye Divisheni ya 22 ilikuwa imezingirwa, RSF imesema iliichukua Desemba 1. Nyingine ilikuwa Kadugli, mji mkuu wa Kordofan Kusini. Novemba wataalamu wa IPC walithibitisha njaa kamili kwa miji miwili, El Fasher na Kadugli. Kulikuwa na kambi ya jeshi ndani, kulikuwa na raia ndani, na barabara zilikuwa zimefungwa. Wenye walikuwa wamezifunga ni RSF pamoja na SPLM-N ya Abdelaziz al-Hilu, yule nilikwambia ushike jina lake, aliyekaa KICC Februari. Kama ako na mlango wa kurudi Nairobi, wizara yetu ndiyo inaushikilia, na kufika hiyo Desemba malori ya unga ya kuingia Kadugli yalikuwa hayajaingia.